Mzee Mwenye Pua Nyekundu: Je, Kuchekesha Ni Aibu kwa Mtu wa Mungu?



Nawasalimu nyote, mlio hapa kisiwani, Likoni, Kisauni, Changamwe, na ninyi mnaotufuatilia mkiwa kazini Ghuba na Ulaya. Leo nina neno la kichungaji kuhusu jambo ambalo limejaa kwenye vikundi vyetu vya simu wiki hii nzima. Naomba uniazime dakika kumi, usome mpaka mwisho kabla hujaandika maoni yako.

Jambo lenyewe ni hili. Baadhi ya wazee wetu waliostaafu wameanza kazi ya kuchekesha. Hawako kwenye runinga wala hawalipwi. Jumamosi wanavaa pua nyekundu ya sponji, koti linalowapwaya, kiatu cha mguu huu hakifanani na cha mguu ule, halafu wanaenda kuwatembelea watoto waliolazwa na wazee wenzao wasioweza kutoka nyumbani. Wazungu humwita mtu huyo klauni, na Kiswahili cha zamani kina neno chale. Mdogo wao ana miaka 61. Mkubwa ana 74.

Wengi mmefurahi. Wengine mmeniandikia kwa uchungu. Mmoja aliuliza, "Mchungaji, hii ni huduma au ni dunia imeingia kanisani?" Mwingine akanikumbusha methali ya wahenga, kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na mama mmoja katika kundi hilo, shemasi wetu, bibi wa wajukuu saba, ameambiwa uso kwa uso kwamba anajidhalilisha na kulidhalilisha jina la Bwana. Baada ya hapo aliitia pua yake ndani ya bahasha, akairudisha ofisini, akasema imetosha.

Mpendwa, nimesoma kila ujumbe. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukibahatisha: naamini wazee hawa wako sawa mbele za Mungu, na naamini sisi tunaihitaji kazi yao kuliko tunavyodhani. Sasa nisikilize sababu zangu.

KWANZA: MUNGU NDIYE ALIYEANZISHA KICHEKO CHA UZEENI

Fungua Mwanzo sura ya 17, ya 18 na ya 21. Abrahamu anaambiwa atapata mwana, anaanguka kifudifudi na kucheka. Sara anasikia habari hiyo akiwa mlangoni mwa hema, anacheka moyoni. Ni kicheko cha mtu aliyekata tamaa, tena kicheko cha kujificha, maana alipoulizwa alikana. Lakini mtoto alipozaliwa, Abrahamu akiwa na miaka 100 na Sara akiwa na 90, yule mama alisema Mungu ndiye aliyempa kicheko, na kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Wakamwita mtoto Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni "anacheka".

Angalia safari ya kicheko hicho. Kilianza nyuma ya mlango, cha mtu mmoja, cha uchungu. Kikaishia nje, cha watu wote, cha shangwe. Na waliokibeba walikuwa bibi na babu. Kila mara Mungu anapojitambulisha kuwa Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, jina la katikati ni Kicheko. Usipite hapo haraka.

Kisha nenda Zekaria 8, mstari wa 4 na wa 5. Nabii anaonyeshwa Yerusalemu iliyoponywa. Ungetarajia aone hekalu, jeshi au dhahabu. Yeye anaona vikongwe wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Alama ya mji uliopona ni wazee na watoto mahali pamoja, bila hofu. Shika picha hiyo, tutairudia.

PILI: JE, PAULO HAKUKATAZA MZAHA?

Ndilo swali lililorudiwa zaidi, na ni swali zuri. Waefeso 5:4 inataja aibu, maneno ya upuzi na mzaha kuwa mambo yasiyowafaa watakatifu. Je, hapo si mwisho wa hoja?

Hebu tusome kwa makini. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo hapo ni eutrapelia, na katika Agano Jipya lote linapatikana mara hiyo moja tu. Asili yake ni kugeuka kwa wepesi, ulimi unaopinda maneno. Mwanafalsafa Aristotle alikuwa amelitumia kwa kusifu watu wenye ucheshi wa kiasi. Paulo analiweka pamoja na uchafu na upumbavu wa maneno, katikati ya onyo kuhusu uasherati na tamaa. Anachokataza ni mzaha mchafu, utani wa kitandani unaosemwa hadharani, maneno yanayomvua mtu heshima.

Hilo nalikataza pia. Na ukweli ni kwamba mzaha wa aina hiyo haukuletwa kwetu na wazee wenye pua nyekundu. Uko ndani ya simu zetu. Zile video tunazorushiana za mlevi aliyeanguka mtaroni, za mtu mnene, za kabila fulani na lafudhi yake, ndizo zinazopaswa kutuogopesha. Mithali 26:18-19 inamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akasema alikuwa anatania tu, na mwendawazimu anayetupa mishale.

Tofauti iko wapi? Mchekeshaji wa mishale anamchagua mtu mwingine wa kuchekwa. Klauni anajichagua mwenyewe. Yeye ndiye anayeshindwa kufungua mwavuli, yeye ndiye anayetafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake, yeye ndiye anayeshindwa na kiti. Mtoto aliyechomwa sindano tatu tangu asubuhi, asiye na mamlaka juu ya kitu chochote pale kitandani, kwa dakika tano anamwona mtu mzima anayemzidi kwa kushindwa. Anamwelekeza: "Babu, miwani iko kichwani!" Kwa mara ya kwanza siku hiyo yeye ndiye anayejua.

Hiyo si dharau kwa mtu yeyote. Hiyo ni kushuka. Nasi tunamhubiri Bwana aliyeshuka.

TATU: HESHIMA YA MZEE IKO WAPI?

Najua sisi watu wa Pwani tunaijali heshima. Mzee anaamkiwa shikamoo, anaachiwa kiti, anatangulizwa mezani. Wengine mnasema, "Mchungaji, mvi ni taji. Taji halivalishwi pua ya sponji."

Nami nakuuliza: Daudi alipocheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Bwana (2 Samweli 6), nani aliona aibu? Ni Mikali, aliyekuwa dirishani. Daudi akamjibu kwamba yuko tayari kujishusha zaidi ya hapo. Mara nyingi aibu iko kwa anayetazama kupitia dirisha. Aliye chini, anayecheza, moyo wake umetulia.

Tena tusijifanye kwamba ucheshi wa wazee ni mgeni kwetu. Pita Mji wa Kale alasiri, pita Kibokoni au Mkanyageni, uone wazee kwenye baraza na kahawa chungu, na usikilize vicheko vyao. Kuna desturi ya utani, ambapo mtani ana ruhusa ya kusema na kutenda vituko hata kwenye msiba, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Babu zetu walijua kwamba huzuni isiyopewa mlango wa kutokea huoza ndani.

Na wewe uliyekua ukitazama VOK na baadaye KBC, unamkumbuka Mzee Ojwang. Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza mzee wa Kijaluo katika Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa miaka mingi, na Kenya nzima ikamkubali kama babu yake. Alifariki Julai 2015. Jirani zetu wa Tanga walikuwa na King Majuto, Amri Athumani, aliyezaliwa 1948, akaendelea kuchekesha mpaka uzeeni, akafariki Agosti 2018. Taifa zima la Tanzania likaomboleza. Je, wazee hao walikosa heshima? Waliipata kwa kuwapa watu pumzi.

Hata kanisa la ng'ambo linalijua jambo hili. Kule London mashariki, kila Jumapili ya kwanza ya Februari, maklauni huenda ibadani wakiwa na mavazi yao ya kazi, kumkumbuka Joseph Grimaldi, mchekeshaji aliyefariki 1837. Ibada hiyo ina zaidi ya nusu karne. Na huko Marekani, mchungaji wa Kilutheri Floyd Shaffer alifundisha makanisa huduma ya klauni tangu miaka ya 1960 na 1970. Sisemi tuige kila kitu. Ninachosema ni kwamba hatukuamka jana usingizini tukabuni uzushi.

NNE: KINACHOTUPOTEA NI KIKUBWA KULIKO PUA

Mpendwa, hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mfanyakazi wa serikali nchini Kenya anastaafu akiwa na miaka 60. Baba aliyeamka saa kumi alfajiri miaka thelathini kwenda bandarini, ghafla hana pa kwenda. Mwalimu aliyeitwa "mwalimu" na mtaa mzima hana darasa. Watoto wako Nairobi au Doha. Mke ametangulia. Anakuja kanisani Jumapili, tunampa kiti cha mbele, tunamwombea, tunampigia makofi siku ya wazee, kisha tunamsahau siku sita. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliunda tume maalum kuhusu upweke, kwa sababu upweke unaua. Sisi tunaliita jambo hilo "mzee anapumzika".

Na kuna jambo zito zaidi. Upande wa Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Kosa la wengi lilikuwa mvi na macho mekundu, na nyuma yake mara nyingi kulikuwa na shamba linalogombaniwa. Kule Ganze, Kaya Godoma ikawa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Watoto wao wenyewe! Tusijidanganye kwamba sumu hiyo haivuki daraja la Nyali. Mtoto anayefundishwa kumwogopa bibi kikongwe wa jirani atakua kijana wa kuinua panga.

Sasa rudisha ile picha ya Zekaria. Mtoto wa Majengo au wa Kuze aliyechekeshwa na bibi wa miaka 67, aliyeshika mkono wake wenye makunyanzi na kumrekebisha miwani, ukimwambia kesho kwamba bibi mwenye mvi ni mchawi atakukatalia. Atasema, "Hapana, bibi ni rafiki yangu, hajui hata kufungua mwavuli." Semina mia haziwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo unapomwambia shemasi wetu avue pua, fikiri unavua nini kingine pamoja nayo.

TANO: WATAALAMU NAO WANASEMAJE?

Mithali 17:22 inaufananisha moyo uliochangamka na dawa. Madaktari wamechelewa kidogo, lakini wamefika. Daktari Patch Adams wa Marekani alianzisha taasisi yake mwaka 1971 akichanganya udaktari na uklauni. Mwaka 1986 Michael Christensen, mchekeshaji wa sarakasi, alianza kupeleka maklauni waliofunzwa katika wodi za watoto New York. Mwaka 2005 madaktari wa Florence, Italia, walichapisha utafiti wa watoto 40 waliokuwa wakisubiri upasuaji, na wale waliosindikizwa na klauni pamoja na mzazi walikuwa na hofu ndogo kuliko wenzao. Hapa kwetu, Sarakasi Trust ya Nairobi, iliyoanza 2001, imepeleka wasanii wake wodini kuwachangamsha wagonjwa.

Lakini nitakupa na upande wa pili, maana mchungaji asiyesema ukweli wote ni wakala wa matangazo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwauliza watoto zaidi ya 250 kuhusu mapambo ya hospitali, na watoto wengi hawakupenda picha za klauni. Wengine ziliwaogopesha. Rangi nzito usoni humficha mtu, na mtoto hupenda kujua anayemkaribia ni nani.

Ndiyo maana kazi hii inahitaji nidhamu. Nimekaa na wazee wetu, na haya ndiyo tuliyokubaliana:

1. Hakuna kuingia wodini bila idhini ya hospitali na ya mzazi. Mikono inaoshwa kabla na baada ya kila kitanda. Mwenye kikohozi anabaki nyumbani.

2. Hakuna kupaka uso rangi. Pua inatosha, na inavaliwa mbele ya mtoto ili aone ni bibi yule yule. Mtoto akigeuza uso, klauni anarudi nyuma. Mtoto ana haki ya kukataa.

3. Hakuna puto za mpira ndani ya wodi, maana wapo wenye mzio.

4. Hakuna kuigiza kabila la mtu, ulemavu wa mtu, wala dini ya mtu. Kanzu, kofia na buibui si mavazi ya vichekesho, kama vile kola ya padri isivyo. Mji wa Kale ni wa jirani zetu Waislamu, tunaishi nao, tunazikana nao. Koti lenye mfuko uliotoboka kutoka mitumba ya Kongowea linatosha kuchekesha.

5. Hakuna kuanguka kwa kweli. Mzee wa miaka 74 mwenye presha akianguka ni msiba. Anaweza kushindana na kiti akiwa amekaa. Na jua la kaskazi likiwaka Januari na Februari, wanatembea asubuhi, na maji ya kunywa mkononi.

6. Na hili nalisisitiza: pua si chambo. Hatumchekeshi mtoto wa jirani ili tumgeuze dini akiwa kitandani, mama yake akiwa amechoka na hana pa kukimbilia. Akituuliza kwa nini tumekuja, tutamwambia ukweli kwamba tumetumwa na upendo wa Kristo. Asipouliza, tumempenda hata hivyo. Msamaria Mwema alimimina mafuta na divai, akalipa nyumba ya wageni, akaenda zake.

SITA: KWAKO WEWE UNAYESEMA "MIMI SI MCHESHI"

Kuna wazee wanaosoma haya wakisema, "Mchungaji, mimi sijawahi kumchekesha hata mke wangu." Sikiliza. Kijana akianza kuchekesha anataka kusifiwa. Wewe umeshavuka hapo. Umezika watu, umefilisika ukainuka, umeishi na magoti yanayolia kama mlango mkuukuu. Tayari unajua kwamba binadamu ni kiumbe anayetafuta miwani iliyo kichwani pake. Kilichobaki ni kukubali tucheke pamoja nawe.

Kalebu aliomba mlima akiwa na miaka 85. Ana alikuwa hekaluni akiwa na 84. Zaburi ya 92 inasema wenye haki wataendelea kuzaa matunda hata uzeeni. Mlima wako huenda ni kitanda namba sita, wodi ya watoto.

Na si lazima kila mtu avae pua. Kuna anayeshona makoti, anayebeba maji, anayekaa na mama wa mgonjwa huku mtoto akicheka. Mithali 14:13 inatukumbusha kwamba hata katika kicheko moyo huweza kuwa na huzuni. Klauni mzuri anajua lini aivue pua, akae kimya, alie na wanaolia. Kama huwezi kunyamaza karibu na mgonjwa, bado hujawa tayari kumchekesha.

Basi, mpendwa, naomba mambo mawili. Kwanza, kama uliandika neno kali kumhusu shemasi wetu, usiandike tena hapa. Nenda kwake. Unaijua nyumba yake. Mpe mkono, mwambie unachoona bado hakikukai vizuri, kwa upole, na umsikilize na yeye. Ile bahasha iko kwenye droo ya meza yangu, na sitampa mtu mwingine pua iliyomo. Kurudi au kutorudi ni uamuzi wake, lakini asiamue kwa sababu ya aibu tuliyomvika sisi.

Pili, Jumatano baada ya maombi ya jioni wazee wanafanya mazoezi kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Una miaka 55, 60, 80? Njoo na kiatu kimoja cha zamani. Kimoja tu kinatosha.

TUOMBE: Baba, wewe uliyempa Sara kicheko, wapumzishe wazee wetu kutoka kwenye upweke. Waponye watoto waliolazwa usiku huu. Linda mvi za kila mzee wa Pwani hii dhidi ya mkono wa damu. Tusafishe midomo yetu na mzaha unaojeruhi, utupe furaha inayonyenyekea. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una mzee wako nyumbani, usiandike tu Amina hapa chini. Mpigie simu sasa, umchekeshe.

Mchungaji wenu, anayewapenda.